Maji ya beseni yakigeuka kahawia, hiyo ni kutu

Swali: Daktari, nina miaka 54, nina presha na kisukari, na vipimo vya mwisho vilionyesha figo zimeanza kupungua nguvu. Nimekwenda mara tatu kwenye tiba ya kutoa sumu kwa miguu. Unatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, linawashwa kwa umeme nusu saa. Maji yalikuwa meupe, yakaishia kahawia, yana mapovu na vipande vyeusi. Mhudumu alinionyesha chati ya rangi: kahawia ni sumu ya ini, vyeusi ni ya figo. Kweli najisikia mwepesi. Ameniambia vidonge navyo ni sumu, nikaviacha, sasa wiki mbili. Je, mtu mwenye figo kama zangu afanye vikao vingapi?

Jibu: Hata kimoja, mama. Na leo hii nenda kliniki upimwe presha na sukari, urudishiwe dawa zako. Usisubiri tarehe yako ya kawaida.

Ndani ya lile beseni kuna kifaa chenye vipande vya chuma. Umeme ukipita kwenye maji ya chumvi, chuma kinalika, chembe zake zinakutana na oksijeni na kuwa kutu. Mapovu ni gesi inayotokana na umeme huohuo. Vile vipande ni kutu iliyogandamana, pengine na magamba ya ngozi na mafuta ya miguu. Mwambie mhudumu aliwashe beseni nusu saa kwa maji na chumvi ileile, bila mguu wa mtu ndani. Maji yatageuka kahawia vilevile. Rangi ikitofautiana kati ya mtu na mtu, tazama chumvi iliyotiwa na uchakavu wa kile chuma, maana ini halihusiki.

Neno linalonichosha kila wiki ni hilo la "sumu". Sumu gani? Sumu ya kweli ina jina, ina kipimo na ina njia yake ya kutoka. Madini ya risasi yakiingia mwilini tunayapima kwenye damu, na yakizidi tunatoa dawa inayoyanasa ili yatoke kwa mkojo. Amonia inayotokana na protini tunazokula, ini huigeuza kuwa yurea, na figo huitoa. Figo nzima huchuja takribani lita 180 kwa siku, zikarudisha karibu zote kwenye damu, ikabaki lita moja au mbili ya mkojo. Unyayo una tezi nyingi za jasho, lakini jasho ni maji na chumvi ya kupoza mwili. Hakuna mrija unaotoka kwenye ini kwenda unyayoni.

Wagonjwa wangu ambao figo zimekufa husafishwa damu kwa mashine saa nne, mara tatu kwa wiki, wakiwa wamechomwa sindano mbili nene mkononi. Kila safari hutumia takribani lita 120 za maji maalumu. Laiti uchafu huo ungeweza kutoka kwa miguu ndani ya nusu saa, nisingemlaza hata mmoja wao pale. Wapo waliofika kwangu wakiwa wamechelewa kwa miezi kadhaa kwa sababu ya beseni kama hilo, na wanalia wakiulizwa kwa nini waliacha dawa.

Ule wepesi sikukatalii. Ukikaa umetulia nusu saa, miguu kwenye maji ya uvuguvugu, mtu anakuhudumia kwa upole, lazima utajisikia vizuri. Mwaka 1799 daktari John Haygarth, kule Bath, Uingereza, alikijaribu kifaa kilichovuma zama zake, vijiti vya madini vilivyosemekana kuvuta ugonjwa nje ya mwili. Alitengeneza vya mbao, akavipaka rangi vifanane na vile. Kati ya wagonjwa 5, 4 walisema maumivu yamepungua. Hisia zao zilikuwa za kweli, ila vijiti havikuwa vimefanya kitu. Presha ni mbaya zaidi kwa hilo, kwani inaweza kupanda sana na mtu asihisi chochote.

Na baada ya beseni huja unga wa "kusafisha figo", na hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Brussels, Ubelgiji, wanawake takribani 100 waliokuwa wakitumia vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene waliharibika figo, kwa sababu mmea mmoja wenye sumu uliingia badala ya mwingine. Wengi wao waliishia kwenye mashine au kupandikizwa figo. Mtu mwenye figo dhaifu asinywe unga wala chupa ambayo muuzaji wake hawezi kutaja kilichomo na kiasi chake, hata akiapa kwamba ni asili tupu.

Kwako wewe, omba kipimo cha damu cha kreatinini, uchafu ambao figo hutakiwa kuutoa, na cha protini kwenye mkojo, ukilinganishe na kile cha mwisho. Usimeze dozi mbili ili kufidia ulizoruka. Onyesha miguu pia, kati ya vidole na chini ya unyayo, kwa sababu kisukari huleta ganzi na maji ya moto yanaweza kukuunguza usijue. Ukiona lengelenge au kidonda, hata kidogo, kionyeshe siku hiyohiyo.