Sindano tatu za malaria hazimalizi dozi

Kaka umeuliza kama mama amemaliza dozi ya malaria kwa kuwa ameshachomwa sindano tatu: hapana, hajamaliza. Zile sindano tatu za artesunate (dawa ya malaria kali), ya kwanza akifika, ya pili baada ya masaa 12 na ya tatu masaa 24 tangu ile ya kwanza, ni za kumtoa kwenye hatari tu, akishaweza kumeza lazima aendelee na ALu, yaani vidonge vya mseto vya malaria (artemether na lumefantrine), siku 3 kamili, kwa mtu mzima ni vidonge 4 mara mbili kwa siku, jumla 24. Mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) ndio unavyosema na hata sisi wodini ndivyo tunavyofanya.

Sababu ni kwamba artesunate inaua vijidudu haraka sana lakini na yenyewe inatoka mwilini ndani ya masaa machache, wanaobaki ndo wanamalizwa na ile lumefantrine iliyomo kwenye ALu maana hiyo inakaa mwilini siku kadhaa. Nimeshapokea wagonjwa wanarudi baada ya wiki mbili tatu homa ile ile, ukiuliza vidonge unaonyeshwa pakiti haijafunguliwa, eti sindano zilitosha!! Inaniuma kwa kweli.

Mpeni hivyo vidonge pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, hata chai ya maziwa au karanga, ndo dawa inaingia vizuri. Ila kama bado anatapika kila kitu msimlazimishe vidonge nyumbani, mrudisheni leo leo, huyo anaendelea na sindano mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza.