Ukikutana na peri-, uliza ni nini kimezungukwa

Kwenu mnaoanza anatomia: achaneni na kukariri istilahi kwa mpangilio wa alfabeti. Mimi somo hili lilianza kuniingia nilipozikamata kwa viambishi awali, na ningeambiwa nichague kimoja cha kuanzia, ningechagua peri-, ambacho kwa Kigiriki ni "kuzunguka". Kila ukikiona, jiulize ni nini kimezungukwa, kisha jiulize kitu kikijipenyeza kati yake na kinachokizunguka kitatokea nini. Hilo swali la pili ndilo lenye manufaa.

Chukua perikadiamu, mfuko unaouzunguka moyo. Ndani yake mna majimaji kidogo tu, mililita 15 hadi 50, ili moyo udunde bila kukwaruzana na mfuko. Tabaka la nje ni gumu, halitanuki upesi. Damu ikivuja humo ghafla, mililita 200 tu zinaweza kuubana moyo ukashindwa kujaa, na mgonjwa akafa. Majimaji yakijikusanya polepole kwa wiki kadhaa, mfuko hupata muda wa kutanuka hata ukabeba zaidi ya lita nzima. Kwa hiyo kasi ina uzito kuliko kiasi. Jambo hili huulizwa sana kwenye mitihani, na wodini ni zaidi.

Perikondriamu hufunika gegedu. Gegedu haina mishipa yake ya damu. Hulishwa na utando huo. Tazama masikio ya wanamieleka wa siku nyingi, yalivyojaa mabonge na mikunjo. Pigo huachanisha utando na gegedu, damu hujaa katikati, gegedu hukosa lishe, na kovu gumu hujijenga. Ndiyo maana damu ile hutolewa mapema, kisha sikio likafungwa kwa kukandamizwa ili utando urudi mahali pake.

Periostiamu ni ya mfupa, na imejaa mishipa ya fahamu. Aliyewahi kujigonga muundi kwenye ukingo wa kitanda haitaji maelezo. Kumbuka tu kwamba haifiki kwenye ncha za mifupa zilizovikwa gegedu ndani ya kiungo.

Peritoniamu, ya tumboni, ni pana ajabu: ukiitandaza inakaribia eneo la ngozi yako yote. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa wa figo husafishwa damu kwa kuingiziwa majimaji maalumu katika uwazi wake. Ikivimba, kwa mfano kidole tumbo kikipasuka, mgonjwa hulala tuli, hataki hata kitanda kitikiswe. Mwenye jiwe la figo hugaagaa. Ukijua nani anagaagaa na nani katulia, umeshapata nusu ya jibu kabla hujamgusa.

Na meno pia: daktari anayepima periodontiamu, yaani tishu zinazolizunguka na kulishikilia jino, huingiza kijiti chembamba kati ya ufizi na jino. Kikizama milimita 1 hadi 3, ni sawa. Zaidi ya hapo kuna shida.

Tahadhari moja. Si kila neno linaloanza na herufi hizo ni la familia hii. "Peroniali", jina la zamani la misuli na neva za upande wa nje wa mguu, latokana na neno la Kigiriki la pini ya kufungia nguo. Per- ya Kilatini ni "kupitia", na para- ni "kando ya", kama tezi za parathiroidi zilizo nyuma ya thiroidi.

Ukishaizoea peri-, ipange na ndugu zake kwenye moyo uleule, kutoka ndani kwenda nje: endokadiamu (utando wa ndani), miokadiamu (misuli ya moyo), epikadiamu, perikadiamu. Wengi hujikwaa kwenye hizo mbili za mwisho, wakidhani ni vitu viwili vilivyotengana kabisa. Epikadiamu ni lile tabaka la ndani la perikadiamu lililogandamana na moyo wenyewe.