Watoto wa Tanga hawaendi Dar kuona bahari

Wiki iliyopita mama mmoja wa Korogwe aliniandikia. Ana mapacha wa kidato cha pili, anaweka akiba tangu mwezi wa pili, na Desemba anataka kuwapeleka Dar es Salaam wakatembee. Hajawahi kusafiri nao ila kwa msiba au harusi. Akauliza swali moja tu: "Dada, nianzie wapi?"

Nilidhani nitamjibu kwa mistari mitatu. Nikajikuta nimekaa na simu mpaka nasikia adhana ya alfajiri, na bado sijamaliza. Basi nayaandika hapa, maana najua wenye swali lake ni wengi. Sisi wazazi wa mikoani tunajinyima sana ili watoto wetu nao waone mji, na inauma pesa ya kujinyima ikirudi nyumbani na huzuni.

Mimi nimewapeleka wanangu Dar mara mbili kwa ajili ya matembezi matupu. Desemba mwaka juzi niliharibu. Juni mwaka huu tulifurahi mpaka leo bado tunasimuliana. Nitaanza na ile niliyoharibu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha.

Baba yao hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo tulikuwa watatu: mimi, binti yangu aliyekuwa na miaka 16, na mdogo wake wa miaka 14. Mimi ni mfanyabiashara, nauza khanga na vitenge hapa Ngamiani, Tanga, nimezoea kwenda Kariakoo asubuhi na kurudi na mzigo. Nikajiambia Dar naijua. Nikachukua daftari, nikapiga mistari kwa rula, nikapanga. Saa 2:00 Makumbusho ya Taifa. Saa 4:00 Sanamu ya Askari. Saa 8:00 Kijiji cha Makumbusho. Saa 10:00 Coco Beach. Hiyo ni siku moja, na siku zilikuwa tatu, zote namna hiyo.

Binti alilisoma lile daftari tukiwa kwenye basi, hata Muheza hatujafika. Akalifunga taratibu akanirudishia. "Mama, hii ni ratiba ya shule." Nikamjibu kwamba atakayelipa ni mimi. Akageukia dirishani.

Tulifikia kwa wifi yangu, Kimara. Sitasema mengi kwa sababu ni ndugu, ila usiku wa kwanza walikuja wageni wake, na alipowatambulisha wanangu alisema, "Hawa watoto wa kaka, wametoka mkoani, bado wanashangaa maghorofa." Wageni wakacheka. Mwanangu wa kiume alikuwa ameshika sahani ya wali, akaiweka chini, akaenda kulala bila kula. Mimi nilicheka nao. Hilo nalijutia mpaka leo.

Siku ya kwanza yote tulikimbia. Makumbusho ya Taifa tulikaa dakika hamsini, nikiangalia saa. Kijiji cha Makumbusho, penye nyumba za asili za makabila mbalimbali, msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo, tulifika jua la saa nane la Desemba, na hakuna aliyekuwa na hamu hata ya kuinama aingie ndani. Jioni Coco Beach, mwanangu akatazama maji, akanitazama na mimi. "Mama, tumekaa kwenye basi saa sita tuje kuona bahari? Si tunaoga Raskazone kila Jumapili?" Alikuwa na haki kabisa. Niliiweka Coco Beach kwenye ratiba kwa sababu kila anayetoka Dar ana picha ya Coco Beach.

Siku ya pili ndiyo Kariakoo. Na hapa naungama: niliwadanganya kwamba tunakwenda kutembea, kumbe nilikuwa na oda ya doti ishirini za khanga. Niliingia duka moja, likawa la pili, likawa la nne. Watoto wamesimama mlangoni na mabegi, mikokoteni inapita, watu wanawapiga vikumbo. Nikatoka duka la nne, binti yuko peke yake. "Kasema anarudi sasa hivi." Nikampigia, simu imezimika chaji.

Dakika arobaini. Mwenye mtoto anajua dakika arobaini za namna hiyo zina urefu gani. Nilizunguka nikimwita kwa sauti, sina hata aibu. Tulimkuta jirani na kituo cha mwendokasi cha Gerezani, anarudi kwa miguu polepole kwa sababu mikono imejaa. Alikuwa amekumbatia chupa tatu za maji baridi, zimetoka jasho mpaka shati lake limelowa kifuani. Alinunua kwa akiba yake mwenyewe, kwa sababu alimsikia dada yake akisema ana kiu.

Nami badala ya kupokea chupa nilimfokea mbele za watu. Kati ya maneno yote ya Kiswahili, lililonitoka ni la dharau ile ile ya kwa wifi: "Mshamba wewe, utatuaibisha!"

Alimpa dada yake chupa moja, akanipa moja, yake hakuifungua. Kesho yake tulirudi nyumbani. Mbezi, Chalinze, Segera, mpaka stendi ya Kange, hakusema neno.

Mzazi mwenzangu, kijana wa miaka 14 ana heshima yake kama mimi na wewe. Ukimvunjia heshima ugenini, mbele ya watu wasiomjua, umemvunjia mara mbili, kwa sababu hana hata rafiki wa kumkimbilia. Tunawaita watoto, halafu tunataka wabebe mabegi kama watu wazima na wavumilie kama watu wazima. Kupanga tu ndiyo tunawanyima.

Ilinichukua wiki mbili kumwita sebuleni nimwambie, "Niwie radhi, mwanangu." Mimi nimelelewa na watu ambao hawakuwahi kumwomba radhi mtoto, na sikujua maneno yanaanzia wapi. Alisema, "Yameisha, mama." Hayakuwa yameisha, ila mlango ulifunguka.

Safari ya pili nilifanya jambo moja kubwa, na kama utasoma kifungu kimoja tu katika maandishi haya, soma hiki. Nilimpa kila mmoja siku yake. Tulikuwa na siku tatu: moja ya binti, moja ya mdogo wake, moja yangu. Mwenye siku anachagua pa kwenda, anatafuta usafiri, anajua milango inafunguliwa saa ngapi, na anashika bahasha. Niliweka elfu sabini kwa siku za mjini, na kwa siku yenye safari ndefu nikaongeza nauli. Kinachobaki ni chake. Usiingilie. Hata ukiona anakosea, kama si jambo la hatari, usiingilie.

Binti alianza na Makumbusho ya Taifa, pale pale nilipomkimbiza. Nilitaka kusema "si tulishakwenda", nikanyamaza. Kumbe alikuwa amesoma kwenye ramani kwamba jengo lile liko Mtaa wa Shaaban Robert. Tulipofika alisimama chini ya kibao cha mtaa akapiga picha. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Machui, hapa hapa Tanga, mwaka 1909. "Mama, huyu ni wa kwetu," akasema, na aliyasema akiwa amenyoosha shingo kama mwenyeji wa mji ule. Ndani tulikaa saa tatu. Tuliona vitu vya kale vya Kilwa, tukasoma habari za fuvu aliloligundua Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, la miaka milioni 1 na robo tatu. Magari ya viongozi wetu wa kwanza aliyazunguka mdogo wake mpaka nikachoka kumsubiri, lakini nilisubiri.

Kutoka pale tulitembea kwa miguu mpaka Sanamu ya Askari, iliyosimama tangu 1927. Ndipo kijana wangu akafungua mdomo. Akatueleza kwamba lile ni kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vita ile ile iliyopiganwa kwetu Tanga Novemba 1914, ambayo bibi zetu wanaisimulia kwa habari ya nyuki waliowavamia askari wa Mwingereza. Na wapagazi wale, kikosi chao kiliitwa Carrier Corps kwa Kiingereza, watu wakatamka Kariakoo, na kambi yao ndiyo ikawa Kariakoo ya leo.

Nimeingia Kariakoo miaka kumi na moja. Sikujua.

Nikamwambia anipeleke aliponunua yale maji. Haikuwa kwenye ratiba ya dada yake, lakini alituruhusu. Kibanda bado kipo. Tukanunua chupa tatu, tukanywa tumesimama.

Siku yake mwenyewe alichagua treni ya SGR, ile ya umeme ya reli ya kisasa, kwenda Morogoro na kurudi, ile iliyoanza Juni 2024. Tiketi alikata mwenyewe kwa simu. Ni treni inayofika kilomita 160 kwa saa, na safari inayokula saa nne kwa basi ilikwisha hata saa mbili hazijatimia. Alikaa dirishani, na Milima ya Uluguru ilipotokea alituamsha. Alikosea kitu kimoja: treni ya kurudi aliyochagua ilikuwa ya usiku, tukasubiri sana stesheni. Nilikaa kimya. Saa ya pili ya kusubiri alisema, "Nilipaswa kuchukua ya jioni." Basi. Kajifunza bila kofi wala tusi.

Siku yangu niliwapeleka Feri kuona mnada wa samaki, kisha tukavuka kwa pantoni kwenda Kigamboni, tukarudi kupitia Daraja la Nyerere. Nzuri, lakini nasema kweli, siku zao zilishinda yangu.

Mengine ni madogo. Hatukulala kwa ndugu. Tulichukua vyumba viwili lodge ya Magomeni, karibu na kituo cha mwendokasi, na ile pesa ndiyo niliyoitumia vizuri kuliko zote. Ndugu msalimie mchana, nenda na zawadi, uondoke. Wifi tulimpelekea machungwa ya Muheza, tukakaa saa moja. Hatukutoka kabla ya saa nne asubuhi, vijana wanahitaji usingizi. Sehemu moja kubwa kwa siku, ikizidi mbili. Kila mahali penye watu tulikubaliana pa kukutania tukipoteana, na asubuhi simu zote zilikaguliwa chaji. Mzigo wa khanga nilimwachia mwenzangu wa dukani aagize kwa simu. Ukienda kutembea na wanao, biashara iache nyumbani. Na kama unaweza, nenda Juni. Hali ya hewa ina huruma, Desemba joto la Dar linagombanisha watu wanaopendana.

Sasa wewe mama mapacha wa Korogwe. Usiwape bahasha moja kwa sababu walizaliwa siku moja. Wape mbili, na siku mbili, hata kama mmoja ni mkimya na unadhani hana anachokitaka. Tiketi kata mapema mno: kwenu Desemba mabasi mengi yanapita yamejaa tayari kutoka Arusha na Moshi, na nisingependa safari yenu ianze kwa kusimama.