Mkono umeunga, sasa nani aangalie mifupa?

Mwanamke aliyekoma hedhi akiteleza tu uani, akavunjika kifundo cha mkono, ana maswali mawili. La kwanza, mfupa uungwe vipi? Hilo daktari wa mifupa atalimaliza. La pili, kwa nini umevunjika kirahisi hivyo? Mimi POP (plasta ngumu) ilipotolewa niliambiwa nimepona, niendelee na shughuli zangu. Swali la pili hakuna aliyeligusa.

Wa kumuuliza ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, na ukimpata wa homoni ni bora zaidi, ila hao ni wachache na wengi wako hospitali kubwa. Utazungushwa. Mahali pamoja niliandikiwa diklofenaki ya kutuliza maumivu, pengine vidonge vya kalsiamu bila kupimwa chochote. Siku hizi daktari asiponiuliza nilikoma hedhi lini, wazazi wangu waliwahi kuvunjika nyonga, na dawa gani natumia, namshukuru na kuondoka. Mwenye pumu au baridi yabisi aliyemeza prednisolone miezi mitatu au zaidi alitaje mwenyewe, maana dawa hiyo inakula mifupa.

Kipimo cha uzito wa mifupa kinaitwa DEXA. Ni eksirei ya mionzi midogo, unalala tu, hakiumi. Majibu huja kwa alama ya T: kuanzia -1 kwenda juu ni sawa, kati ya -1 na -2.5 mifupa imepungua, -2.5 kushuka chini ni osteoporosisi, yaani mifupa imedhoofika na huvunjika kirahisi. Ile mashine ya mtaani ya kushika chuma mkononi, ikakutolea kurasa nzima za magonjwa, haipimi mfupa. Inauza virutubisho.

Nauli ya kwenda kwenye DEXA inaweza kuchukua muda kupatikana, na mifupa haisubiri. Mwanamke wa zaidi ya miaka 50 anahitaji kama miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, chakula kikihesabiwa humo. Kula dagaa mzima na miba yake, maziwa au mtindi, uji wa ulezi. Mchicha tunausifu sana, lakini kalsiamu yake imefungwa na oksaleti, kemikali ya asili ya mboga hiyo, mwili hauipati vizuri. Sukuma wiki inaachia zaidi. Tembea kila siku. Ndoo ya lita 20 waachie vijana, hasa kama mgongo unauma ghafla au kimo kimepungua: huenda pingili ya uti wa mgongo imebonyea, na hilo daktari alijue mapema.

Omba nakala ya kila jibu, uziweke kwenye faili moja. Ukiandikiwa alendronate, dawa ya osteoporosisi, kwanza figo na vitamini D zipimwe, na jino bovu ling'olewe kabla ya kuanza. Ile ya miligramu 70 humezwa mara moja kwa wiki, asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu. Usilale wala kula kwa nusu saa, na chai ya maziwa nayo isubiri.