Mleta mada, futa hiyo video. Salamu baadaye

Umeuliza ucheke au ukaze uso kwenye video ya kuomba mtaji Kickstarter, ule mtandao wa kuchangisha watu pesa za mradi, na lengo liwe kiasi gani. Halafu ukachomekea kwamba kocha kakwambia watu wanamnunua mtu, si bidhaa, kwa hiyo ujifanye simba. Hapo ndipo nilipoacha chai yangu.

Maneno hayo hayo nililishwa mimi, tena kwa pauni 400, nilipokuwa Leicester, Uingereza, natafutia mtaji mbuzi ya nazi ya umeme. Mimi ni mtu wa sauti ya chini, hata kuku wa nyumbani hawanisikii. Yule bwana akanivalisha koti jeusi, akanikataza kutamka "tunajaribu". Nikabwata: "Desemba iko jikoni kwako, bila kukosa!"

Ahadi za pesa ziliingia, sikatai. Siku ya 9 tulikuwa asilimia 60 ya lengo. Mbwembwe zinavuta: Coolest, lile boksi la barafu la Marekani, lilizoa zaidi ya dola milioni 13 mwaka 2014, na 2019 kampuni ikafungwa huku maelfu ya wachangiaji hawajaona kitu.

Sasa sikia. Mama mmoja, mhandisi mstaafu, akauliza kwenye maoni: mbona sekunde ya 40 naona moshi? Moshi ulikuwepo. Mota ilikuwa inapata moto kwenye nazi ya tatu, nami nilijua, tulikuwa tunahangaika kufunga feni ndogo chini ya kibao. Ningeandika hivyo tu! Kocha akasema simba hajielezi. Nikajibu: "Wenye maono hawaangalii moshi." Jamani. Hadi leo mke wangu akiunguza maandazi ananirudishia sentensi hiyo.

Yule mama akaondoa ahadi yake ya kuchangia. Kufika asubuhi, 38 wamemfuata. Kickstarter usipofika lengo huambulii hata senti, na sisi tuliishia asilimia 47. Kocha hapokei simu. Juzi nimemwona anatangaza darasa la "unyenyekevu wa kibiashara", mshenzi yule.

Utakayemweka kwenye video ndiye atakayejibu maoni saa saba usiku, siku zote 30. Kama huwezi kuwa yeye, usimwajiri! Mkimya ongea kimya, onyesha mikono yako ikifanya kazi, na kinachopata moto kitaje mwenyewe kabla hujaulizwa.

Rekodi upya leo na hilo shati lako la karakana, kisha itupie hapa. Nitaanza na sekunde ya 40.