Kabla ya Kutia Saini: Maswali Yenu Kuhusu Mitambo ya Kumbi za Mikutano

Swali: Chama chetu cha ushirika kinaandaa mkutano mkuu wa wajumbe 300 mjini Dodoma, na hoteli imetuandikia kwamba ukumbi wake una "vifaa vyote". Tuanze kukagua nini?

Jibu: Anzeni na umeme, kwa kuwa hakuna kifaa katika barua hiyo kitakachofanya kazi bila huo. Mwombeni fundi wa hoteli mwenyewe, si ofisa masoko, awafungulie kisanduku cha swichi na kuwaonyesha soketi zipi za jukwaani zimo katika laini moja na soketi za nyuma ya ukumbi. Laini ya ampea 32 katika umeme wa volti 230 hubeba wati 7,300 hivi, kiasi kinachoonekana kikubwa mpaka mtu wa jikoni achomeke mabirika matatu ya kuchemshia maji ya chai, kila moja likila wati 3,000. Niliwahi kulishuhudia jambo hilo katika hoteli moja: mapumziko yalikuwa saa nne na nusu, mabirika yakawashwa mapema, swichi ikaruka, na mgeni rasmi akabaki akichezesha midomo mbele ya watu ambao hawakusikia neno. Hoteli ilikuwa na jenereta mpya kabisa, lakini haikusaidia kitu, kwa sababu umeme wa nje haukuwa umekatika.

Jenereta nayo haikaguliwi kwa macho. Washeni taa, viyoyozi, spika na projekta, kisha ombeni umeme mkuu uzimwe mbele yenu mkihesabu sekunde. Hata jenereta inayojiwasha yenyewe huchukua sekunde kadhaa kupokea mzigo, na projekta ya balbu iliyozimika ghafla huenda ikahitaji dakika kadhaa za kupoa kabla ya kuwaka tena. Ndiyo maana projekta, mikseta (mtambo wa kuchanganyia sauti) na kompyuta ya jukwaani hupitishwa kwenye UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme pale unapokatika. Hoteli ikikataa jaribio hili, mimi huanza kutafuta ukumbi mwingine.

Swali: Tumeambiwa intaneti ya ukumbi ina kasi ya Mbps 100. Inatosha wajumbe 200?

Jibu: Inategemea mambo ambayo tarakimu hiyo haiyasemi. Ulizeni kama kasi hiyo ni ya ukumbi peke yake au inagawanywa na vyumba vya wageni, na kasi ya kupakia ni ipi, maana matangazo mubashara hutegemea kupakia na wenye kumbi hupenda kutaja kasi ya kupakua tu. Ulizeni pia idadi ya vifaa vya wai-fai vilivyofungwa, kwa sababu masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na kifaa kimoja kilichotundikwa mlangoni hulemewa na simu 200 hata kama intaneti yenyewe ni nyingi. Kompyuta itakayorusha mkutano iungwe kwa waya. Hilo mimi silijadili.

Swali: Wageni wetu watatoka Burundi na Msumbiji. Ukumbi tulioutazama Arusha una vibanda vya wakalimani, lakini hatujui kama vinafaa.

Jibu: Ingieni ndani, mkae wawili, mfunge mlango kwa nusu saa. Wakalimani hufanya kazi wawili wawili wakipokezana kila baada ya dakika 30 hivi, na mwenye zamu ya kupumzika hatoki nje, bali hubaki akimsaidia mwenzake kwa tarakimu na majina. Kiwango cha kimataifa cha vibanda vya kuhamishika, ISO 4043, kinataka kibanda cha watu wawili kiwe na upana wa mita 1.60, kina cha mita 1.60 na kimo cha mita 2. Vibanda vya kudumu, chini ya ISO 2603, huwa vikubwa zaidi. Kiyoyozi kisichotoa kelele si anasa humo, na mkalimani asiyeuona uso wa msemaji wala skrini anafanya kazi ya kubahatisha.

Lugha zenu ni tatu: Kiswahili, Kifaransa na Kireno. Tangu SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam mwaka 2019, mchanganyiko wa namna hii si kioja tena. Hata hivyo mtahitaji vibanda vitatu na wakalimani sita, na pengine mkalimani wa Kireno atalazimika kusikiliza tafsiri ya mwenzake wa Kifaransa badala ya msemaji mwenyewe, kwa hiyo hakikisheni mitambo inaruhusu kupokezana huko. Kama vipokezi ni vya miali ya infraredi, vijaribuni saa ile ile ya mkutano katika kila pembe na nyuma ya kila nguzo, kwa kuwa jua linalopenya madirishani huvivuruga.

Swali: Skrini ina kimo cha mita 2. Watu wa nyuma wataona?

Jibu: Kwa majedwali ya hesabu, safu ya mwisho isizidi umbali wa mara sita ya kimo cha picha, yaani mita 12. Kwa picha za kawaida, mara nane.

Swali: Nilikagua ukumbi mtupu na sauti ikawa inarudi kama pangoni. Niukatae?

Jibu: Usiukatae bado, kwa sababu miili na nguo za watu hunyonya sauti, na ukumbi uliojaa hutulia kuliko mtupu. Lakini sakafu ya marumaru na kuta za vioo hazibadiliki sana. Mtu asimame jukwaani asome majina 20 ya wajumbe kwa kipaza sauti, nawe uyaandike ukiwa kiti cha mwisho. Ukikosea mengi, shida haitaondoka kwa kuongeza sauti.

Swali: Mkataba utaje nini kuhusu mitambo?

Jibu: Utaje idadi ya vipaza sauti vinavyofanya kazi, nani ananunua betri, saa za mazoezi siku moja kabla, na kwamba fundi sauti atakaa kwenye mikseta mpaka kikao kifungwe, chakula chake kikiwa kimehesabiwa pamoja na cha wajumbe.