Arjuna ni "mweupe"?

SWALI: Jirani yetu mwenye asili ya Gujarat amejaliwa mtoto wa kiume, wamemwita Arjun. Nimesoma kwamba maana yake ni "mweupe". Nimeombwa kusema machache kwa Kiswahili siku ya sherehe. Nitumie neno hilo? Tena ni Arjun au Arjuna?

JIBU: Tafsiri hiyo si kosa, ila imekatwa mkia. Ukisema mtu ni "mweupe", msikilizaji wa Kiswahili atawaza ngozi. Sasa, Arjuna wa Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa Uhindi, yule mpiga upinde, wa tatu kati ya ndugu watano wa Pandava, anatajwa kuwa mweusi wa mwili! Ana majina kumi, na mojawapo ni Krishna, yaani "mweusi". Alipoulizwa na mwana wa mfalme, Uttara, asili ya majina hayo, kuhusu Arjuna alijibu kwamba, pamoja na mng'ao wake wa nadra, matendo yake ni safi.

Neno lenyewe ni kongwe kuliko utenzi huo. Rigveda, mkusanyo wa kale wa nyimbo takatifu za Kisanskriti, (6.9.1) inataja siku mbili: siku krishna, ndiyo usiku, na siku arjuna, ndiyo mchana. Basi ni weupe wa kulipopambazuka, tunaposema "kumekuwa kweupe", si weupe wa chokaa. Shina hilohilo limezaa rajata, "fedha" kwa Kisanskriti, na argentum ya Kilatini iliyotupa jina Argentina. Uko pia mti uitwao arjuna, wa jamii moja na mkungu wetu wa pwani. Gome lake ni laini, lenye weupe wa majivu.

Kwa hiyo sema: "Arjun, maana yake mwangavu, asiye na doa." Hata "mwenye moyo mweupe" inafaa.

Tahajia haina ugumu. Kisanskriti kina a fupi mwishoni. Kihindi na Kigujarati huimeza. Mtoto mwandike Arjun, kama walivyomwandika wazazi. Shujaa wa utenzi ni Arjuna. Usichomeke i ukapata "Arijuna".

Kinachowaponza wengi ni mkazo. Mazoea yetu ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho yatakuvuta useme ar-JU-na, ilhali ni AR-ju-na. Fanya kama unavyotofautisha barabára ya magari na barábara ya "sawasawa": mkazo urudi nyuma silabi moja.